Nyaya Mbili Katika Ala Moja

Kwa nini Mama akikanyaga pedali ya cherehani katika nyumba yao ya mtaa wa Kagarama, Rwanda, daktari aliye nchi ya mbali hukatwa kauli katikati ya sentensi? Belyse alijiuliza hivyo kila siku. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea mawasiliano ya simu na kompyuta. Mitihani ya mawimbi alikuwa ameifaulu, na majirani walikwisha kumpa cheo cha uinjinia kabla ya wakati wake. Hata hivyo, mbele ya swali hilo la nyumbani kwao, elimu yake yote ilikuwa imekaa kimya kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Kaka yake, Armel, alikuwa mkalimani. Kazi yake aliifanyia chumbani, mlango umefungwa, vipokea sauti masikioni. Daktari wa ng'ambo husema Kifaransa, mgonjwa hujibu kwa Kirundi au kwa Kiswahili, na Armel, akiwa katikati yao, huyavusha maneno kutoka upande huu hadi ule kama mtu avushaye watoto barabara. Kampuni iliyomchukua ilikuwa bado inamjaribu. Kila laini ilipokatika, msimamizi aliandika. Na wiki hiyo Armel alikuwa ameambiwa bila kuzungushwa kwamba mambo yakiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, mkataba asiungoje.

Alhamisi mchana mlango wa chumba chake ulifunguliwa kwa kishindo.

"Mama! Umekanyaga?"

Mama yao, Vestine, aliyekuwa ameinamia pindo la sketi ya jirani, aliinua mikono yote miwili kama mtu aliyefumaniwa. "Nimegusa tu, mwanangu. Nimegusa kama mtu anayemwamsha mgonjwa."

"Mgonjwa ndiye niliyekuwa naye! Mwanamke wa watu, mtoto ana homa, daktari anamweleza dawa ainywe vipi, mara pwaa, laini imekufa. Sasa yuko na chupa mkononi, anamtazama nani?"

"Si watampigia tena?"

"Watampigia, Mama. Lakini watampa mkalimani mwingine, na mimi wataniandika."

Vestine alikata uzi kwa meno, akaikunja sketi mara mbili, akaiweka magotini. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kusema kwamba chumvi imekwisha, "Basi. Gasana nimemwambia aje Jumamosi. Aichukue."

"Achukue nini?" Belyse aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kuelewa.

"Cherehani. Nimempa neno langu."

Gasana alikuwa mfanyabiashara wa Kabeza, mwenye duka la cherehani za zamani, na miaka mingi alikuwa akiizunguka cherehani hiyo kama paka azungukavyo jiko la samaki. Armel aliangalia chini. Hakuwa ameomba jambo hilo. Alikuwa amelalamika tu, siku baada ya siku, na malalamiko yake yalikuwa yamefanya kazi ambayo ombi lisingeweza kuifanya.

Belyse alikwenda kusimama mlangoni, akawapa mgongo, ili wasimwone uso.

Cherehani hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko nyumba, kuliko Armel, kuliko ndoa yenyewe. Baba yao, Silvère, aliipata Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, enzi zile ambapo watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda walijifunza ushonaji na Kiswahili juu ya benchi moja, kutoka kwa fundi mmoja, na kwa makofi yale yale. Mota ya umeme aliifunga mwenyewe baadaye, akajivuna nayo kama mtu aliyemtia farasi hatamu. Siku ya kurudi Rwanda, watu walirudi na magodoro na makabati. Silvère alirudi na cherehani iliyofungwa ndani ya blanketi, redio, na Vestine.

Hapo Kagarama aliiweka chini ya dirisha la mbele. Belyse alikulia chini ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya vitambaa, akizisikia hatua za wateja kabla ya kuziona nyuso zao. Kiswahili alikipata hapo. Shuleni walisema Kinyarwanda na Kiingereza, lakini baba yake alishikilia kwamba kazi ya sindano haifundishiki kwa lugha nyingine. "Sindano ni Mswahili," alikuwa akisema. "Ukimwamuru kwa Kinyarwanda anakuchoma kidole." Na Belyse, mtoto mwenye imani, alizungumza na sindano kwa Kiswahili fasaha, asichomwe.

Lakini kilichomrudia sana siku hiyo mlangoni ni saa ya matangazo. Kila alasiri redio ilisoma matangazo ya watu: fulani amefariki, ndugu zake walio Cyangugu wajulishwe; fulani amepoteza vyeti; fulani anamwoza binti yake. Mota ilipozunguka, redio ilikwaruza hata majina yasisikike. Kwa hiyo, mara tu kengele ya matangazo ilipolia, Silvère aliinua mguu wake kutoka kwenye pedali, akauacha ukining'inia hewani. Chumba kizima kilinyamaza pamoja naye, mteja na mkanda wake shingoni, Vestine na pasi yake mkononi. Ndivyo walivyofanya Buyenzi, walipokuwa wakingoja kusikia jina la mtu wa nyumbani. Na hata baada ya kurudi nyumbani hawakuiacha desturi hiyo. Jina likiwa la mtu wanayemjua, Silvère alijifanyia ishara ya msalaba. Likiwa la mgeni, alisema, "Naye ana watu wake," kisha mguu ukashuka na kazi ikaendelea.

Silvère alifariki. Cherehani ikasogezwa kwenye kona yenye kiza, viti vya wageni vikachukua dirisha, na Vestine akabaki akishona mapindo ya majirani tu, kazi ya kuichangamsha mashine isije ikapata kutu.

Ijumaa, Vestine alipokwenda mazoezi ya kwaya, Belyse aliketi mbele ya kisanduku cha intaneti kilichopo karibu na mlango wa mbele. Bruce, kijana aliyewafungia mtandao, alikuwa amekuja mara kadhaa. Alibadilisha kisanduku, akabadilisha vichwa vya kebo, na mwishoni akafuta jasho na kutoa hukumu: "Mashine ya zamani hiyo. Itoeni, mtaona." Belyse alikuwa ameikubali hukumu hiyo nusu. Nusu nyingine ilimkereketa. Kisanduku kilikuwa mbali na mota. Kompyuta ya Armel ilikuwa mbali zaidi, nyuma ya ukuta. Kelele zilifikaje huko?

Hapo ndipo alipokumbuka mkwaruzo. Alipanda juu ya kiti, akaishusha redio ya baba yake kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi kwa kanga, akatia betri.

Armel alitoka chumbani akitafuna mkate. "Yesu we! Injinia wetu anatafuta intaneti kwa redio ya Buyenzi."

"Kanyaga pedali."

"Nimesoma sheria mimi, si ushonaji."

"Kanyaga, Armel. Ukanyage hadi nikuambie uache."

Aliizungusha redio hadi mahali pasipo na stesheni yoyote, penye mvumo mtupu. Armel alikanyaga. Karibu na mota redio ilinguruma kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, hilo alilitarajia. Alirudi nyuma hadi katikati ya chumba, na mngurumo ukafifia, karibu ukazimika. Alisogea ukutani, na ukarudi. Alitembea kando ya ukuta huo, redio ikiwa usawa wa magoti yake, na mngurumo ukamfuata hatua kwa hatua, bila kupungua, kutoka kwenye soketi ya mlango wa mbele hadi kwenye kona ya cherehani. Hapo ukavimba kuliko mahali pengine pote.

Belyse alipiga magoti. Mbele yake kulikuwa na kitu kizuri kuliko vyote katika nyumba hiyo.

Ilikuwa ala ya kitenge, ya buluu, yenye ndege wa manjano, iliyoshonwa kwa mkono na kupachikwa chini ya ukuta wote kama pindo la gauni. Bruce alipofunga mtandao, aliiacha kebo ikining'inia kutoka mlangoni hadi chumba cha Armel, na Vestine hakuweza kuvumilia. "Katika nyumba ya fundi uzi hauning'inii," alisema. Akachukua kitambaa cha mwisho alichokikata Silvère, akashona ala ndefu, na ndani yake akazilaza nyaya mbili ubavu kwa ubavu: waya wa umeme wa cherehani na kebo ya intaneti. Kebo iliyozidi aliizungusha vizuri kama uzi kwenye bobini, akaifunga kwa utepe, akaificha nyuma ya mota. Kila mgeni aliisifu. Bruce mwenyewe aliipiga picha.

Na ndani ya mota ile kuukuu, vijiti vya makaa vya kupitishia umeme, vilivyokwisha kulika, vilikuwa vikirusha cheche kila ilipozunguka. Kelele za cheche hizo hazikuruka hewani na kupita ukutani, kama Belyse alivyokuwa akidhani. Zilirudi kwa waya wa umeme. Kebo ya intaneti, iliyokuwa ya bei rahisi, bila ganda la kuikinga, ililala kifuani pa waya huo urefu wote wa chumba. Nani angelala kando ya mkoromaji wa namna hiyo akasikia anachoambiwa?

Alikuwa na kebo ndefu aliyoiazima kwa mwenzake wa chuo. Aliitandaza katikati ya sakafu, mbali na ukuta, kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye kompyuta ya Armel. "Kanyaga tena." Taa ya kijani ya kisanduku ilibaki ikiwaka, imara. Akaibana kebo hiyo kwenye ala. "Tena." Taa ikapepesa, ikazimika.

Armel aliacha kutafuna. "Rudia," alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha.

Walikuwa bado wanarudia Vestine alipoingia, kitabu cha nyimbo kwapani, akasimama mbele ya kebo iliyolala sakafuni. "Nani ametapika waya ndani ya nyumba yangu?"

"Mama," Belyse alisema, "kosa si la cherehani ya Baba."

"Sifa kwa Mungu. Ni la nani?"

Belyse alikuwa ameandaa maelezo marefu, yenye mpangilio, lakini aliinama kuikunja kebo. Armel ndiye aliyeelekeza kidevu kwenye ala. Vestine aliyafuata macho yao hadi ukutani, kwa ndege wake wa manjano.

"Hiyo?"

"Nyaya hizi mbili hazitakiwi kukaa pamoja, Mama. Wa umeme unaipigia kelele kebo. Zikitenganishwa kiasi cha shubiri moja au zaidi, basi. Na ile iliyozungushwa nyuma ya mota ikatwe."

Vestine aliketi kitini na kitabu chake. "Basi ni mimi," alisema. "Miezi yote hii mtoto anaandikwa, mashine inatukanwa, kumbe ni mimi na usafi wangu."

"Si kosa, Mama. Hata Bruce..."

"Nyamaza, usinibembeleze. Mafahali wawili hawakai zizi moja, mimi nimewashonea na shuka." Akacheka, na cheko lenyewe likakatikia njiani.

Belyse alileta mkasi, lakini mama yake aliukataa. Alitafuta wembe, akaketi chini, miguu ameinyoosha, akaanza kufumua mwenyewe, mshono baada ya mshono, bila kukikwangua kitambaa. Belyse aliketi kando yake, akikusanya nyuzi. Nje, watu walikuwa wakirudi kutoka kazini, na ndani uzi ulisikika ukikubali kuachia.

"Kitambaa hiki kilikuwa cha mashati ya ubatizo," Vestine alisema. "Mapacha wa Gahongayire, unamkumbuka? Baba yako alikuwa amekwisha kukata migongo. Alikata akiwa hawezi kusimama tena, akaniambia, 'Vestine, nishikie meza.' Meza! Alitaka kusema nimshike yeye."

"Nakumbuka kikohozi chake," Belyse alisema. "Na alivyokuwa akikizuia wakati wa matangazo."

"Alikizuia, ndiyo. Alisema marehemu wa watu asikoholewe."

Walicheka wote wawili. Kisha Belyse akahisi neno likimpanda, akalisema kabla hajalipima. Kwani alikuwa amegundua, akikusanya nyuzi zile, kwamba tangu Alhamisi alikuwa akiipigania cherehani kwa ajili ya mtoto fulani aliyekuwa akikaa chini ya meza, na mtoto huyo hakuwa mama yake.

"Mama, wewe unataka ikae?"

Wembe ulisimama. Vestine alimtazama bintiye kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Hakuna aliyeniuliza," alisema. "Armel alitaka kimya, nikasema iende. Wewe unataka baba yako, unasema ibaki. Mimi..." Aliupuliza uzi uliong'ang'ania kwenye wembe. "Acha kwanza nione kama hicho chuo chenu kinafundisha kitu."

Asubuhi ya Jumamosi Belyse alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi madukani Sonatubes, akarudi na kebo nzito zaidi, iliyovikwa karatasi ya bati chini ya ngozi yake, pamoja na vibanio vya kuipigilia. Aliipitisha juu, juu ya milango, mahali penye kuonekana na kila jicho. Palipokuwa na waya wa taa, hakuiacha iandamane nao. Aliifanya iukate kama barabara mbili zinavyokatana, kisha iende zake. Haikupendeza. Vestine aliitazama mara moja, akajifanya anatafuta miwani.

Saa za kazi za Armel zilifika. Alifunga mlango. Vestine aliketi kwenye cherehani, akapitisha uzi, akaishusha sindano kwenye kitambaa, akaweka mguu juu ya pedali. Kutoka nyuma ya mlango sauti ya Armel ilianza, ya chini, ya heshima, Kirundi kisha Kifaransa.

Mguu wa Vestine uliinuka.

Belyse alimtazama. Mama yake alikuwa ametulia kabisa, mguu hewani, kichwa kimeinama upande kidogo, na uso wake ulikuwa ule wa alasiri za zamani. Mazungumzo yakaisha, mengine yakaanza na kuisha, na cherehani haikulia hata mara moja.

Armel alichungulia. "Haijakatika! Umeshona kiasi gani?"

"Sijashona."

"Mama we! Sasa tunajaribu nini?"

"Mtu anasema habari za ugonjwa wake, Armel. Mguu haukubali. Ni mazoea."

"Mama." Armel alikuja akachutama mbele yake, mkono wake juu ya goti la mama yake, kwa upole ambao Belyse hakuwa ameusikia kwake kwa wiki nyingi. "Yule si wa matangazo. Bado yu hai, na hakusikii. Mlango umefungwa. Kinachonitisha mimi ni laini, si sauti yako. Nikirudi humo, shona. Nakuomba. Nikatikiwe leo nijue, au nisikatikiwe nijue."

Alirudi. Simu ikaingia. Sauti yake ikaanza, na Vestine akafumba macho, akakanyaga.

Cherehani iliamka kwa mlio wake mnene, uliojaa kifua, na chumba kizima kikatetemeka kidogo pamoja na vikombe kabatini. Belyse alikuwa amebandika sikio mlangoni. Alisikia swali la daktari, alisikia likivuka, alisikia Armel akicheka kwa adabu pamoja na mtu wa mbali sana, akavusha jibu. Taa ya kijani haikupepesa. Vestine alishona mstari mmoja, akageuza kitambaa, akashona mwingine. Alishona pasipo na kazi yoyote ya kushona, na alipofika mwisho wa kitambaa alichukua kingine.

Hodi ilipopigwa, hakuna aliyeisikia. Gasana aliingia akijifutia viatu, gari dogo la mizigo likinguruma nje.

"Mama Armel, amahoro! Naona unaiaga mashine. Mi nimekuja na kamba, na vijana wangu wapo nje, tutaibeba pole pole kama bibi harusi."

Vestine alisimamisha cherehani. Alimpa kiti, akamtuma Belyse alete chai, na Belyse aliporudi na trei alikuta Armel naye amesimama mlangoni pa chumba chake, vipokea sauti vikiwa shingoni, hathubutu kuuliza.

"Gasana, nilikupa neno," Vestine alisema.

"Ulinipa, mama."

"Nalichukua tena, na nakuomba msamaha mbele ya watoto wangu. Gharama ya safari ni juu yangu."

"Ah, mama! Kwa nini sasa? Mota yake imekwisha, makaa yake yameliwa. Hapa kwako inakaa kizani inafanya nini?"

"Kizani haikai tena." Vestine alimgeukia mwanawe, kisha bintiye, akasema kwa utulivu, kila neno mahali pake: "Cherehani haiuzwi. Viti hivi vinatoka dirishani leo, na yenyewe inarudi pale. Wewe Gasana, ukiwa na makaa mapya ya mota ya namna hii, niletee. Armel atafanya kazi yake na mimi nitafanya yangu, saa zile zile. Jumatatu nafungua mlango wa mbele, napokea wateja."